Pamanganeti huhesabu elektroni, si chuma: majibu kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

Barua tano zilizotufikia kutoka mikoa ya Tabora na Kigoma zinahusu kupima ioni za chuma zilizomo kwenye myeyusho kwa pamanganeti, chumvi ya rangi ya zambarau. Waulizaji hawafanani: yupo mwanafunzi, muuza dawa, fundi wa visima, mwalimu na mtunza maabara. Hata hivyo tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la kwanza linayabeba mengine, nasi tunamwomba msomaji asiliruke.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, katika shule moja ya Tabora mjini. Kwenye zoezi la vitendo tulipewa chumvi ya Mohr (chumvi yenye chuma(II)) iliyoyeyushwa kwa kiwango cha gramu 39.2 kwa lita, tuipime kwa potasiamu pamanganeti ya 0.02 M (moli 0.02 kwa lita; moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Kundi letu lilitumia asidi ya salfuriki, nasi kwa kila mililita 25 za chuma tulitumia mililita 25.0 za pamanganeti. Kundi la jirani asidi hiyo iliwaishia, wakachukua ya hidrokloriki na kupata 26.1. Kundi la tatu liliweka asidi kidogo sana, na flaski yao ikajaa matope ya kahawia. Je, asidi zote si zinatoa haidrojeni ileile? Na kwa nini tunazidisha kwa tano?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo tano, kwa kuwa ukiielewa mengine yatajifungua. Manganizi iliyomo kwenye pamanganeti ina hali ya oksidisho ya +7, na ikishafanya kazi yake ndani ya asidi ya kutosha hushuka hadi +2. Hiyo maana yake ni kwamba kila ioni ya pamanganeti hupokea elektroni tano. Kila ioni ya chuma(II) ina elektroni moja tu ya kutoa ili iwe chuma(III), kwa hiyo zinahitajika ioni tano za chuma kuitosheleza moja ya pamanganeti:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Hesabu yenu inakubaliana na mlinganyo huo. Mililita 25.0 za 0.02 M zina milimoli 0.5 za pamanganeti. Mara tano ni milimoli 2.5 za chuma ndani ya mililita 25, yaani 0.1 M. Ukizidisha kwa 56, gramu za moli moja ya chuma, unapata gramu 5.6 za chuma kwa lita. Kwa kuwa moli moja ya chumvi ya Mohr ina uzito wa gramu 392, gramu 39.2 ndizo zinazotoa 0.1 M, na kundi lenu limepata kilichotarajiwa.

Sasa wale wa 26.1. Ukiwafanyia hesabu hiyohiyo utapata gramu 5.85 kwa lita, ziada ya zaidi ya asilimia nne, ilhali chuma ndani ya chupa hakikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mtoaji wa pili wa elektroni. Ioni za kloridi, zilizomo kwenye asidi ya hidrokloriki, zinaweza kuoksidishwa (kunyang'anywa elektroni) na pamanganeti na kuwa gesi ya klorini, na jambo lenye kuudhi zaidi ni kwamba mmenyuko huo, ambao peke yake ungekwenda polepole, huchochewa na mmenyuko wa chuma unaoendelea ndani ya flaski hiyohiyo. Sehemu ya klorini hutoroka hewani, na pamanganeti iliyotumika kuitengeneza imeshasomwa kwenye bureti (mrija wenye alama za mililita) kana kwamba ilitumika kwa chuma. Mizani ya tumbaku husoma uzito wa robota zima hata likiwa limefichwa mawe katikati. Bureti nayo husoma elektroni zote zilizotolewa bila kuuliza zimetoka kwa nani. Kazi ya kuhakikisha kwamba mtoaji ni chuma peke yake ni ya mpimaji, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya somo hili. Kusoma namba kwenye bureti ni sehemu nyepesi.

Kama wangechukua asidi ya nitriki, kosa lingegeuka upande. Asidi hiyo yenyewe huoksidisha, kwa hiyo ingekimaliza baadhi ya chuma(II) kabla ya pamanganeti kufika, na jibu lingekuwa pungufu. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hupendekezwa kwa sababu haitoi elektroni wala haizichukui katika mazingira haya: inaleta haidrojeni na kukaa kando.

Kundi la tatu tatizo lao liko ndani ya mlinganyo wenyewe. Zinahitajika ioni nane za haidrojeni kwa kila moja ya pamanganeti. Zikikosekana, manganizi haishuki hadi +2, bali husimama kwenye +4 na kuganda kama dioksidi ya manganizi, ambayo ndiyo hayo matope ya kahawia. Hapo kila pamanganeti imechukua elektroni tatu badala ya tano, na kwa kuwa mimenyuko miwili inakwenda sambamba kwa uwiano usiojulikana, hakuna namba ya kuzidisha itakayookoa kipimo hicho. Kimwagwe, kianzwe upya.

Mambo mawili madogo kuhusu usomaji. Pamanganeti ni nyeusi kiasi kwamba sehemu ya chini ya mbonyeo wake (mpindo wa uso wa kimiminika) haionekani vizuri, hivyo husomwa ukingo wa juu, mwanzoni na mwishoni vilevile. Na kikomo, yaani mahali pa kuacha kuongeza, ni waridi hafifu inayodumu kama sekunde 30. Ikififia baadaye usiongeze tone, kwani vumbi la hewani na ioni za manganizi zilizokwisha kutengenezwa huimaliza rangi hiyo taratibu. Wanafunzi wengi huendelea kuongeza hadi zambarau nzito, eti ionekane vizuri na msahihishaji. Msahihishaji haioni flaski yako, anaiona namba.

SWALI: Ndugu mhariri, nina duka la dawa muhimu wilayani Kasulu. Wateja wangu wakubwa ni kina mama wajawazito, nao huniuliza kama vidonge vya kuongeza damu vilivyobadilika rangi na kuwa na madoa ya kahawia bado vina nguvu. Nimesikia kwamba kiasi cha chuma kinaweza kupimwa kwa njia ya pamanganeti. Je, naweza kumpa kijana wangu anayesoma sekondari avipime?

JIBU: Mama, au Baba, maana barua haikusema: anaweza kuvipima kwa kujifunza, lakini jibu lake lisitumike kuamua dawa ipi iuzwe. Nitaeleza sababu baada ya kuonyesha hesabu, kwa kuwa ni hesabu nzuri.

Kidonge cha kawaida chenye miligramu 200 za salfeti ya chuma(II) iliyokaushwa huwa na takribani miligramu 65 za chuma. Tuseme kijana anasaga vidonge vitano, anaviyeyusha kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, anachuja, kisha anajaza kwa maji yaliyokenekwa hadi mililita 250. Humo mna miligramu 325 za chuma, yaani kama milimoli 5.82. Akichukua mililita 25 kwa pipeti anakuwa na milimoli 0.582, ambazo zinahitaji milimoli 0.116 za pamanganeti. Kwa hiyo akiwa na pamanganeti ya 0.005 M, bureti inapaswa kusoma karibu na mililita 23.3. Akitumia ile ya 0.02 M ya shuleni atapata chini ya mililita sita, na kosa dogo la usomaji litaonekana kubwa. Ndiyo maana huzimuliwa.

Shida ni vile vitu vingine vilivyomo kwenye kidonge. Vidonge vya wajawazito huwa vimechanganywa na asidi ya foliki, na karibu vyote vina sukari au wanga wa kushikiza pamoja na rangi ya ganda la nje. Vitu hivyo navyo hutoa elektroni kwa pamanganeti, baadhi yake polepole, hivyo waridi ya kikomo hupotea na kurudi hadi mpimaji asijue asimame wapi. Kwa sababu hiyo vitabu rasmi vya ubora wa dawa hupima vidonge hivi kwa chumvi za seriamu(IV), ambazo hazisumbuliwi sana na sukari na wanga, zikisaidiwa na kiashiria kiitwacho ferowini kinachotoka wekundu na kwenda buluu hafifu. Seriamu hupokea elektroni moja tu, basi moli moja yake ni sawa na moli moja ya chuma, na hesabu inakuwa fupi.

Ama kuhusu madoa ya kahawia, hapo jibu lataka uangalifu. Rangi hiyo ni dalili kwamba sehemu ya chuma(II) imeoksidishwa na hewa na unyevu ikawa chuma(III). Chuma hakijaondoka kidongeni. Uzito wake ni uleule. Lakini chuma(III) hakina elektroni ya kuipa pamanganeti, kwa hiyo titrasheni (upimaji huu wa bureti) itakihesabu kuwa hakipo. Mwili nao hukifyonza chuma(III) kwa shida zaidi kuliko chuma(II), na ndiyo sababu dawa hutengenezwa kwa chuma(II). Kwa hiyo namba pungufu itakuwa na maana, ila si ile ambayo kijana ataandika akisema kwamba kiwanda kiliweka chuma kidogo. Vidonge vilivyobadilika rangi usivigawe. Virudishwe kwa msambazaji au taarifa ipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vilivyo vizima vitunzwe kwenye kopo lililofungwa, pasipo unyevu.

SWALI: Mimi ni fundi wa pampu za visima, Sikonge. Kisima kimoja kinatoa maji meupe kabisa, lakini yakikaa ndooni mpaka asubuhi yanakuwa na utando mwekundu, nguo nyeupe zinapata madoa na chai inakuwa nyeusi. Chombo chetu cha watumia maji kingependa kujua chuma ni kiasi gani. Kuna mwalimu wa jirani mwenye bureti na pamanganeti. Tumpelekee?

JIBU: Mzee, dalili ulizozitaja ni za chuma, lakini bureti ya mwalimu haitawasaidia, na sababu ni ya hesabu tupu. Maji hayo yakiwa na miligramu 5 za chuma kwa lita, kiwango ambacho ni kikubwa kwa kisima, basi mililita 100 zina nusu miligramu tu. Ili kuimaliza nusu miligramu hiyo inahitajika pamanganeti ya 0.02 M isiyofika mililita 0.1, yaani kama matone mawili. Hakuna mtu anayeweza kupima matone mawili na kusema amepata namba ya kuaminika. Mkiizimua pamanganeti mara ishirini mtapata karibu mililita 1.8, ila hapo kiasi kinachohitajika kuyapa maji rangi tu kinakuwa sehemu kubwa ya kipimo, na mabaki ya majani na udongo yaliyomo majini nayo yanaitumia pamanganeti. Mtu anaweza kupata namba kwenye maji yasiyo na chuma kabisa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kuacha madoa kwenye nguo na mabomba. Ni suala la madoa na ladha zaidi kuliko sumu. Kwa viwango vidogo namna hiyo hutumika njia ya rangi. Chuma chote hurudishwa kwanza kwenye hali ya chuma(II) kwa haidroksilamini, kisha huongezwa fenantrolini, ambayo huungana nacho na kutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Ukali wa rangi hiyo husomwa kwa spektrofotomita (chombo cha kupima rangi kwa mwanga) kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 510 na kulinganishwa na myeyusho wenye ukolezi unaojulikana. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupima chuma, na mtu wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wa wilaya atakuelekeza mahali pa kupeleka sampuli.

Utakachofanya wewe kwa mikono yako ni kuchukua sampuli ipasavyo, na hapo ndipo vipimo vingi vya chuma huharibikia. Maji ya chini ya ardhi ya namna hii hayana oksijeni ya kutosha, ndiyo maana chuma kimetulia humo kikiwa chuma(II), hakionekani. Yakigusana na hewa kinageuka chuma(III), kinaganda na kushikamana na kuta za chupa, na maabara ikipima maji ya juu itaandika kwamba chuma ni kidogo. Piga pampu mpaka maji yaliyokaa bombani yaishe, jaza chupa hadi mdomoni, na omba maabara wakupe chupa iliyokwisha kutiwa asidi ili chuma kibaki kimeyeyuka. Kwa kupima chuma chote asidi ya nitriki inafaa. Kwa anayetaka kujua chuma(II) pekee haifai, kwa sababu ileile niliyomweleza mwanafunzi.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha kemia Kigoma. Wanafunzi wangu wamekusanya mawe mekundu yenye uzito mkubwa na wanataka kujua asilimia ya chuma. Nina pamanganeti niliyotayarisha muhula uliopita. Naweza kuitumia? Na mawe tuyafanyeje?

JIBU: Ile ya muhula uliopita usiitumie kabla ya kuipima upya. Pamanganeti haiaminiki hata ukiipima kwenye mizani bora, kwa kuwa chumvi yenyewe huwa na dioksidi ya manganizi kidogo, maji huwa na uchafu unaoila, na mwanga huivunja. Hutayarishwa kwa kuchemshwa, kuachwa ipoe, kisha kuchujwa kwa sufi ya kioo; karatasi ya kuchujia haifai, maana karatasi nayo hutoa elektroni. Chupa yake iwe ya rangi ya kahawia. Baada ya hapo ukolezi wake hutafutwa kwa oksaleti ya sodiamu safi iliyokaushwa, gramu 134 kwa moli, ndani ya asidi ya salfuriki iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 au 70. Moli mbili za pamanganeti hukamilisha moli tano za oksaleti. Waambie wanafunzi wasishangae matone ya mwanzo yakichelewa kupotea: mmenyuko huu huharakishwa na ioni za manganizi zinazozaliwa humo humo, kwa hiyo huanza kwa uvivu kisha hukimbia.

Kuhusu mawe, shauku ya wanafunzi wako ina mizizi, kwa kuwa Buha na Unyamwezi palikuwa na wahunzi waliojua mawe ya kuyeyusha muda mrefu kabla ya bureti kufika. Njia ya pamanganeti yenyewe ilianza kutumiwa kupima chuma na mkemia Mfaransa Frédéric Margueritte mwaka 1846.

Jiwe husagwa liwe unga laini na kuyeyushwa kwa asidi ya hidrokloriki ya moto, ambayo huyeyusha oksidi za chuma vizuri kuliko ya salfuriki. Mara moja una matatizo mawili: una kloridi tele, na chuma chako karibu chote ni chuma(III), ambacho pamanganeti haitakigusa. Wachimba madini wa zamani walikirudisha kwa kloridi ya bati(II), wakaua ziada yake kwa kloridi ya zebaki. Naomba njia hiyo isifanywe shuleni hata kwa onyesho; zebaki haina mahali pa kumwagwa. Tumia vipande vya zinki ndani ya asidi, kwa kuchemsha polepole, mpaka rangi ya manjano iishe na tone lililojaribiwa kwa thaiosaineti, kiashiria cha chuma(III), lisitoe wekundu. Kisha zinki yote ichujwe na kusuuzwa upesi, kwani kipande kitakachobaki kitaendelea kukirudisha chuma wakati wewe unakioksidisha, na titrasheni haitakwisha.

Zinki ina kasoro moja inayowahusu ninyi. Mawe mekundu ya namna hii mara nyingi huwa na titani, na zinki huirudisha titani pia, nayo inapokutana na pamanganeti hutoa elektroni yake na kuhesabiwa kuwa chuma. Bati halifanyi hivyo. Kwa hiyo namba mtakayoipata iandikwe kuwa ni kikomo cha juu cha chuma, na sababu iandikwe pembeni.

Kloridi hudhibitiwa kwa mchanganyiko wa Zimmermann na Reinhardt: salfeti ya manganizi, asidi ya fosforiki na asidi ya salfuriki. Manganizi huizuia pamanganeti isishughulike na kloridi, na fosforiki huifunga chuma(III) iwe haina rangi ili manjano yake isifiche waridi ya kikomo. Dikromati ya potasiamu haidhuriwi na kloridi baridi iliyozimuliwa na ukolezi wake hupatikana kwa kupima uzito tu, lakini ni sumu inayosababisha saratani, na kwa vijana mimi nachagua pamanganeti pamoja na usumbufu wake wote.

Mkishapata jibu, lipimeni kwanza dhidi ya jiwe lenyewe. Kati ya madini ya oksidi za chuma, hematiti safi ina asilimia 69.9 ya chuma na magnetiti safi asilimia 72.4. Kundi litakalokuja na asilimia 80 halijagundua mgodi. Limesahau kuchuja zinki au limeiachia kloridi nafasi.

SWALI: Mimi ni mtunza maabara, Ujiji. Bureti zetu zimeshika rangi ya kahawia ndani na sabuni haiitoi.

JIBU: Hiyo ni dioksidi ya manganizi, na sabuni haina la kuifanya. Jaza bureti kwa salfeti ya chuma(II) iliyotiwa asidi ya salfuriki, hata ile iliyobaki kwenye zoezi la wanafunzi inatosha, uiache dakika chache. Chuma kitaipa manganizi elektroni, itayeyuka, na kioo kitabaki safi. Asidi ya oksaliki ya vuguvugu hufanya kazi hiyohiyo, ila ni sumu, basi usiifyonze kwa mdomo kwenye pipeti. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, na mara nyingine usiache pamanganeti ilale ndani ya bureti usiku kucha.